Harusi Yetu na Ng'ombe wa Watu

Chini ya kabati la vyombo, sebuleni kwetu Tabata, kuna laptopu isiyo na kioo. Kioo kilipigwa na mpira wa mwanangu wa pili, nami badala ya kuitupa nikaiwekea mfumo wa Linux na Jellyfin, programu ya bure ya kurushia filamu kwenye TV na simu, nikachomeka diski ya nje iliyojaa katuni, tamthilia, mechi za zamani na DVD za shughuli zote za ukoo. TV inavuta kutoka huko, simu zinavuta kutoka huko. Majirani wakisikia nina seva nyumbani wanadhani nafanya kazi benki.

Tatizo lilikuwa uvivu. Diski ile, isipoguswa kwa muda, inalala. Ukichagua filamu inabidi iamke, ianze kuzunguka mpaka ifike mizunguko 5,400 kwa dakika, ndipo kichwa cha kusomea kianze kutafuta ulichoomba. Ni sekunde chache tu, lakini mama watoto ndani ya sekunde hizo huweza kunitajia kila kifaa nilichowahi kuleta nyumbani ambacho hakikufanya kazi, kuanzia blenda. Hata ikishaamka, ukurasa wa filamu ulikuwa unajaa picha moja moja kama wageni wa harusi iliyoandikwa saa nane. Kila picha ni faili dogo lililokaa mahali pake, na kichwa cha diski huhitaji kama milisekunde kumi kuruka kutoka hapa hadi pale. Zidisha kwa picha mia tatu uone.

Dawa yake ni SSD, diski ya kisasa isiyo na motari wala kichwa cha kurukaruka. Ndani ni chipu tupu, ukiomba unapewa papo hapo. Na kwa haki ya Mungu, filamu yenyewe haina haja nayo: ya 1080p hula kama megabaiti moja kwa sekunde, na diski ya kuzunguka, hata iliyochoka, hutoa mia moja bila kuhema. Kinachonufaika ni mfumo wenyewe, hifadhidata ya Jellyfin na yale mapicha, vitu ambavyo vyote pamoja havijazi hata gigabaiti 50. SSD ndogo kabisa ingetosha. Lakini mwanamume haendi Kariakoo siku ya Jumamosi, akakanyagwa na mikokoteni, kufuata kitu kidogo kabisa.

Kijana aliyeniuzia alikuwa na meza ya chaja na spika. Akanitolea kisanduku cheusi chenye waya wa USB.

"Kaka, hii ni SSD. Terabaiti 8. Ishike kwanza."

Nikaishika. Nzito.

"Unaona? Chuma hicho. Za mchina zile za plastiki utaziona tu, ukiweka mezani zinapeperuka."

Akaichomeka kwenye kompyuta yake, na kompyuta ikakiri kwa maandishi: terabaiti saba na ushee. Bei 75,000. SSD ya terabaiti 8 inapita milioni moja popote duniani, na hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Ila siku ile jua lilikuwa kali, na kijana alikuwa na uso wa mtu aliyelelewa vizuri.

Usiku ule nikaanza kukopi. Dakika ya kwanza namba zilisoma megabaiti 300 kwa sekunde, nikamwita mama watoto aje ashuhudie. Alipofika zimeshuka hadi 12. Linux ina tabia ya kumeza mzigo kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwanza na kukuambia tayari, halafu ndiyo inakumbuka kwamba kuna mahali mzigo unapaswa kwenda.

"Inapasha," nikamwambia.

"Inapasha nini?"

Nikalala. Kukopi kukaendelea siku hadi siku, harusi zikatangulia, zikafuata katuni, tamthilia na mechi, na kila faili lilifika na jina lake na ukubwa wake kamili. Watoto wakaanza kulalamika kwamba katuni za zamani hazifunguki, mpya tu ndizo zinacheza. Nikaisingizia ruta. Ikazimwa, ikawashwa, ikapandishwa juu ya friji, ikageuzwa antena zielekee kibla. Katuni zikabaki vilevile.

Wiki ya Idd shemeji yangu, kaka yake mke wangu, akapita kwetu akitoka Usa River kwenye kozi ya uhimilishaji, yaani kupandisha ng'ombe kwa mrija. Yeye ni afisa mifugo. Alikuwa na DVD za mafunzo kwenye mkoba, akaniomba nimhifadhie kwenye hiyo seva anayoisikia sifa zake. Nikazikopi kama nilivyokopi zile za harusi, bila kuzibadili, vipande vya VOB, yale mafaili ya video yanayokaa ndani ya DVD, visivyozidi gigabaiti moja kila kimoja. Hilo lishike, lina kazi yake mbele.

Idd pili ukweni wakaja kutoka Tanga. Baba mkwe, mama mkwe, mama wadogo wawili, na bibi aliyekalishwa karibu na dirisha kwa sababu ya upepo. Pilau likaliwa, likashushiwa tende na kahawa. Mama mkwe akasema, "Baba, hebu tuwekee harusi yenu, bibi yenu hakuwahi kuiona yote, alisinziaga ukumbini."

Nikabonyeza. Ikafunguka papo hapo! Nikamtazama mama watoto. Akaniinamishia kichwa kidogo, kama mtu anayesaini stakabadhi.

Mambo yakaenda vizuri. Tukaingia ukumbini, mama wadogo wakapiga vigelegele kwa kujiona wembamba. Mashahidi wakakaa. Ikafika keki. Mshereheshaji, na sauti yake ile ya kuvuta, akatangaza: "Sasa bibi harusi amlishe mumewe! Tunaona mikono inatetemeka, mabibi na mabwana! Tunaona bibi harusi hatulii! Hatulii kwa sababu…"

Picha ikapasuka vijiraba vya kijani kwa sekunde moja hivi. Kisha akatokea ng'ombe, ubavu mzima wa TV, na sauti nyingine, ya taratibu, ya mwalimu:

"…yuko kwenye joto. Kukosa utulivu ni dalili mojawapo. Dalili nyingine, hulia mara kwa mara, na husimama akubali kupandwa na wenzake."

Kwa msomaji asiyekuwa na wakwe wa Tanga, nieleze kidogo. Mbele ya mama mkwe hata neno kitanda unalizungukia. Mimi nimekaa miaka mingi nikimwambia mama yule kwamba watoto "tulijaliwa", kana kwamba waliletwa na posta. Sasa sebuleni kwangu, kwenye inchi 43, mtu mwenye gambuti anavaa glovu ya plastiki inayofika begani.

Nikaishika rimoti. Nilitaka kusimamisha, ikarudi nyuma. Tukarudi kwenye keki. "Tunaona bibi harusi hatulii!" Vijiraba. "…yuko kwenye joto." Nikabonyeza tena, ikaruka mbele, na mkono wa kushoto wa yule bwana ulikuwa umeshaingia mpaka kwenye kiwiko. Watoto wakapiga makofi. Baba mkwe akakumbuka kwamba hajaswali, akatoka, na adhana ilikuwa bado saa nzima.

"Huyo ni mwalimu wetu!" Shemeji akasimama kwa furaha. "Mama, tazama hapo, anashika mlango wa kizazi kwa kupitia huko nyuma, halafu bomba linaingia na mkono wa kulia."

"Shemeji," nikamwambia kwa sauti ya kuomba msaada.

"Subiri, hapa ndipo wengi wanapokosea!"

Na mwalimu kwenye TV, hana habari, akamalizia: "Akionekana na dalili asubuhi, apewe huduma jioni. Akionekana jioni, apewe asubuhi inayofuata."

Mama mdogo mmoja akajifunika uso na mtandio, mabega yakimtikisika. Mama watoto alikuwa amekwisha kuingia jikoni, na kutoka huko nikasikia sufuria inasuguliwa, sufuria iliyokuwa safi tangu asubuhi. Aliyeokoa jahazi ni mwanangu wa pili, yule wa mpira, aliyechomoa TV ukutani kwa sababu alitaka kuchaji simu.

Jioni, wageni wakiwa wamelala, mimi na shemeji tukaweka kisanduku cheusi mezani, yeye akapenyeza kisu pembeni na kukifungua kama anayepasua bandama kutafuta ugonjwa. Ndani kulikuwa na kibao kidogo cha saketi, na juu yake memori kadi, ile ile ya simu, ya gigabaiti 64. Pembeni, nati tatu kubwa zilizogandishwa kwa gundi.

Shemeji akaipima moja kwa kidole. "Hizi za spana namba 13."

Kijana alikuwa amesema chuma, na chuma kilikuwepo.

Nikaendesha f3, programu ya bure iliyotungwa kuwaumbua hawa: inajaza diski mafaili mpaka mwisho, kisha inayasoma tena kuona kama yapo. Hayakuwepo. Ujanja uko kwenye kile kibao. Kimefundishwa kudanganya kwamba kina terabaiti 8, na gigabaiti 64 za kweli zikijaa hakisemi kimejaa, kinarudi nyuma na kuandika juu ya vya zamani, ila mwanzo kabisa hakiugusi, kwa hiyo orodha ya majina ya mafaili ilibaki, na mwanzo wa harusi, iliyotangulia kuingia, ukabaki nao. Ndiyo maana katuni mpya zilicheza na za zamani hazikucheza. DVD za shemeji, zilizoingia mwisho, ziliangukia katikati ya keki. Faili la kawaida la video likichafuliwa hivyo mara nyingi hugoma, lakini VOB imetengenezwa iweze kuendelea hata ikikutana na mkwaruzo, kwa hiyo kichezaji kiliposhindwa kuipata harusi kikashika kilichokuwepo, na kilichokuwepo ni ng'ombe.

Meza ya yule kijana siku hizi inauza vifuniko vya simu. Anayekaa pale hakuwahi kumwona mtu wa sampuli hiyo.

Diski ya zamani imerudi kazini na filamu zake, na DVD za harusi zilikuwa zimelala salama kwenye bati la biskuti, nikazikopi upya. Ndani ya laptopu nimefunga SSD ya gigabaiti 240, ya dukani kweli, yenye risiti, nyepesi kama karatasi. Mfumo na mapicha vyote vimehamia humo. Ukurasa wa filamu sasa unatokea wote kwa pamoja. Diski inalala bado, inaamka bado, ila wakati inaamka mtu anakuwa hajamaliza kuchagua.

Juzi mama mkwe alipiga simu. Salamu zikaenda mpaka kwa mbuzi na majirani, kisha akanyamaza kidogo.

"Baba, ile kanda ya siku ile unayo?"

"Ninayo mama, nimeitengeneza. Harusi yote imekaa sawa, mpaka bibi aki…"

"Siyo hiyo. Ya ng'ombe. Mzee amenunua mtamba, na kuna mambo shemeji yako aliyasema haraka. Nitumie."

"Na ya harusi nikuwekee?"

"Ya harusi acha baba, sisi tulikuwepo."