Huku wanamtoa mjumbe mchana kweupe, kwetu anaacha tu kuitwa

Madiwani wa mji ninaokaa huku Florida wamemtoa mjumbe mmoja kwenye bodi ya ushauri wa mipango miji, na tangu siku hiyo nabishana na Watanzania wenzangu wa huku, maana wengi wao wanasema si unaona, hata Marekani mambo ni yale yale. Mimi nakataa. Siyo yale yale, na tena nyumbani hatuko vibaya kiasi hicho tunachopenda kujisema tukishavuka maji.

Kwanza bodi yenyewe ni nini. Wajumbe hawalipwi hata senti, ni wakazi wa kawaida tu, mwalimu, fundi, mstaafu, mtu anajaza fomu anaomba halafu madiwani wanamteua. Kampuni ya ujenzi ikileta ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi, tuseme shamba au pori lenye majimaji wanataka kuweka nyumba mia kadhaa, bodi inasoma makabrasha yote, inasikiliza watu, inapiga kura ya kushauri. Ni ushauri tu, madiwani wanaweza kuufuata au kuuweka pembeni.

Mjumbe aliyetolewa ni mzee mstaafu, mhandisi wa mambo ya maji. Huku ardhi ni tambarare na ukichimba kidogo tu unakutana na maji, kwa hiyo kampuni zinamwaga kifusi kuinua viwanja vipya, sasa yale maji yaliyokuwa yanatuama pale porini si lazima yaende mahali, yanaenda kwenye nyumba za zamani zilizobaki chini. Mzee alikuja na ramani yake kubwa ya karatasi, ameichora kwa kalamu ya bluu mitaa inayojaa maji mvua zikikaza, nyumba kwa nyumba, alikuwa ameizungukia mwenyewe kwa miguu. Hakusema msijenge. Alisema hesabu za bwawa la kukusanyia maji zirudiwe kabla ya kura, basi. Halafu akaandika barua ya wazi kwa wakazi kueleza hofu yake. Kikao kilichofuata diwani mmoja akasema huyu amepoteza uwezo wa kuamua kwa haki, amekuwa mwanaharakati, anazuia mji usikue. Kura nne kwa moja, akatoka.

Watu wa nyumbani wanadhani Katiba ya Marekani inamlinda kila anayefungua mdomo, na kweli serikali haiwezi kukufunga kwa barua kama ile, lakini kiti cha bodi ni kitu kingine, kwenye miji mingi sheria zao wenyewe zinasema mjumbe anakaa kwa ridhaa ya aliyemteua. Kuna kesi ya Huntington Beach kule California, mjumbe wa kujitolea wa bodi ya ushauri alitolewa na diwani aliyemteua sababu ya mkutano wa hadhara aliohudhuria, akaenda mahakamani, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema diwani ana haki ya kumtoa kwa sababu mjumbe yule mbele ya umma ni kama sura ya diwani mwenyewe. Mimi hukumu ile naiona mbaya. Mtu unamwita akushauri, akikushauri usichopenda unamwambia ulikuwa unaniwakilisha mimi, sasa huo ushauri unatoka wapi tena?

Kwa hiyo kwenye kumtoa, ndiyo, wanatoa. Ila angalia walivyomtoa. Florida wana sheria ya tangu 1967 inayosema vikao vya serikali za mitaa viwe wazi, vitangazwe kabla, muhtasari uandikwe, na inabana hadi bodi za ushauri kama hii, yaani wajumbe wawili wa bodi moja hawaruhusiwi hata kukaa chemba wakaongelea jambo linalokuja mezani kwao. Kwa hiyo ilibidi wamtoe mbele yetu. Ilikuwa kwenye ajenda, ukumbi umejaa, kila mtu akapewa dakika tatu aseme, mama mmoja akalia kabisa akionyesha picha za sebule yake ikiwa na maji, na baada ya hapo kila diwani akaitwa kwa jina akasema ndiyo au hapana na ikaandikwa. Ramani ya yule mzee imebaki kwenye faili, kesho wakazi wakienda mahakamani kupinga ule mradi, jaji anaangalia kilichomo kwenye faili na ramani imo. Mtu wamemtoa, neno lake wameshindwa kulitoa.

Sasa turudi nyumbani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia kwanza, na mkutano mkuu ni kila mtu mzima wa pale kuanzia miaka 18, siyo mwenyekiti na marafiki zake. Hata serikali ikitaka kuihamisha ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla, yaani ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, kama haizidi hekta 250 anayeridhia ni mkutano mkuu, ikizidi hapo waziri ndo anaamua baada ya kupata mapendekezo ya kijiji. Hebu fikiria uzito wa hicho kitu. Shangazi yangu kijijini, asiye na cheo chochote, kisheria ana kura juu ya ardhi ya kijiji. Mimi huku hata ningekuwa nimezaliwa hapa hapa nina dakika tatu za kuongea na sina kura hata ya eka moja, yule mzee mwenyewe pamoja na uhandisi wake wote alikuwa na ushauri tu. Kwenye karatasi sisi tumewapita mbali, na ninaposema hivi wenzangu wa huku wananishangaa maana wengi hawajawahi kuisikia hiyo sheria.

Tunapoangukia ni kwenye kuiendesha. Kijijini kwetu kulikuwa na mjumbe wa kamati ya matumizi ya ardhi, mtu wa kujitolea vile vile, aliyeuliza kuhusu eneo la malisho lililokuwa linatafutwa na mwekezaji. Aliuliza kitu chepesi, mkutano ulioridhia ulikaa lini. Akaonyeshwa karatasi yenye majina na sahihi za watu wengi. Zile sahihi watu walisaini mlangoni, karatasi ya mahudhurio, tena wengine walidhani ni ya posho, ikaja kubandikwa nyuma ya muhtasari ikawa ndo ridhaa ya kijiji. Alipozidi kuuliza, hakuna aliyemfukuza. Hakuna kura, hakuna barua, hakuna ajenda. Aliacha tu kuitwa. Kikao kinakaa yeye anasikia kwa majirani, akienda ofisini mtendaji anamwambia taarifa ilitumwa labda simu yako ilikuwa imezimwa. Mpaka leo ukiuliza kijijini kama bado ni mjumbe au siyo hakuna mwenye jibu, na swali lake nalo halipo mahali popote, ukifungua daftari la mihutasari huoni kama aliwahi kusema neno. Watu wakabaki na kauli moja tu, yule anapinga maendeleo.

Hiyo kauli ndo imenifanya niandike, kwa sababu nimeisikia pande zote mbili za bahari na inatumika kwa watu wa aina ile ile, yaani watu waliosoma makabrasha. Kuuliza maji yatakwenda wapi siyo kupinga maendeleo jamani. Dar tumeyaona, mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, sasa kama kuna mjumbe wa mtaa leo anasimama anasema hapa ni mkondo wa maji msipime viwanja, huyo ni wa kuwekewa kipaza sauti.

Na sisi wa diaspora tumo humo humo, tusijitoe. Wanaonunua viwanja kwa simu ni sisi, dalali anatuma video ya dakika moja, pori zuri, barabara inakuja, umeme uko karibu, na tunatuma hela bila kuuliza kama lile eneo lilikuwa la wazi, la malisho au ni njia ya maji, hela zetu ndo zinampa mtu sababu ya kumnyamazisha mjumbe wa kijiji. Tunachangia madarasa na matanki ya maji, vizuri sana, lakini ni nadra kukuta mtu kwenye michango hiyo anauliza muhtasari wa mkutano mkuu uko wapi.

Ninachotaka kijijini kwetu ni vitu vidogo na havihitaji sheria mpya. Karatasi ya mahudhurio iwe yake na karatasi ya kuridhia ardhi iwe yake, juu iandikwe kabisa ni ardhi ipi, ukubwa gani, anapewa nani, ndo watu wasaini. Mjumbe wa kamati akitolewa atolewe kwenye mkutano mkuu, mbele ya watu, sababu isemwe na yeye apewe nafasi ya kujibu, akishindwa kwa kura nitaumia lakini nitakubali, kama nilivyokubali kwa shingo upande ile nne kwa moja ya huku. Na alichosema kiandikwe, hata kama wote hawakubaliani nacho. Mkutano mkuu unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, usipokaa watu waulize kwa maandishi, ile Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 ipo na inampa raia haki ya kuomba hizo nyaraka. Nimesema raia, kwa hiyo wenzangu mliochukua pasipoti ya huku hamuwezi kuomba wenyewe, muwaombe ndugu waliopo.

Nimeshaongea na shangazi na binamu zangu wawili, barua ya kuomba muhtasari wa ule mkutano wa malisho tumeiandika kwa jina la shangazi, inapelekwa kwa mtendaji na nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, na yule mjumbe amekubali kuongozana naye siku ya kuipeleka ili nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa.