Mgodi wa Nyuma ya Jikoni

Ukizaliwa Kakamega, dhahabu unaisikia miaka mingi kabla ya kuiona. Kwetu si mbali na Rosterman, pale Wazungu walipochimba tangu miaka ya 1930 mpaka wakafunga mwaka 1952, wakatuachia mashimo na jina. Mjomba wangu yumo mashimoni huko hadi leo. Asubuhi anashuka kwa kamba, jioni anatikisa karai la mchanga na zebaki, na kila mwezi anatuhakikishia kwamba mwezi ujao ndio wenyewe. Mimi niliapa sitashuka shimoni. Nina diploma. Dhahabu yangu ningeitafuta kisomi, nimeketi, kivulini.

Wazo lilitoka kwenye simu. Nilisoma kwamba medali za Olimpiki ya Tokyo, karibu 5,000, zilitengenezwa kwa madini yaliyotolewa kwenye simu na vyombo vya umeme vilivyochakaa. Dhahabu peke yake ilikuwa kilo 32. Nilipofika hapo nikaacha kusoma, nikaanza kuchagua rangi ya gari. Lau ningesoma mistari miwili zaidi ningeona kwamba Wajapani walikusanya karibu tani 79,000 za vyombo kuzipata kilo hizo, yaani zaidi ya tani mbili kwa gramu moja. Lakini mtu anayechagua rangi ya gari hana muda wa kugawanya.

Nikawazungukia mafundi wa kompyuta mjini, nikitafuta ramu, zile kadi nyembamba za kumbukumbu. Meno yake ya chini, yanayoingia kwenye ubao, hupakwa dhahabu ili yasishike kutu. Fundi mmoja aliniuliza ramu mbovu ni za nini. Nikamwambia ni za mradi, na Kenya hii ukishasema mradi hakuna anayeuliza tena. Nilipata arobaini, shilingi hamsini kila moja. Usiku nikayakata meno kwa mkasi wa mabati hadi vidole vikatoka malengelenge. Yalijaa nusu kikombe. Nikakitikisa kikombe gizani na kusikiliza mlio wake kama sultani.

Dawa haikuwa shida: asidi ya kuoshea vigae kutoka duka la vifaa vya ujenzi, na haidrojeni peroksaidi kutoka duka la dawa, ile inayotoa povu ukiitia kwenye kidonda. Ukizichanganya, dhahabu haiguswi. Kinacholiwa ni shaba iliyo chini yake, na ngozi ya dhahabu inabanduka taratibu, ikabaki inaelea kama maganda ya kitunguu. Haya yote niliyaelewa. Ambacho sikukielewa ni habari ya chombo. Jamaa wa kwenye video alitumia bakuli la kioo. Kwetu vyombo vya kioo vimo ndani ya kabati la sebuleni, vinangoja askofu. Kwa hiyo nikachukua sufuria. Tena si sufuria hivi hivi, ni ile kubwa ya Mama, ya ugali wa wageni.

Sufuria zetu ni za alumini, na alumini na asidi ile hawaketi meza moja. Kwa dakika moja hivi palikuwa kimya, nikaanza kujipongeza. Halafu ukasikika mlio kama wa chapati ikiangukia mafuta. Mlio ukawa mngurumo. Povu la kijivu likapanda, mvuke mweupe ukanifuata puani kana kwamba unanidai, sufuria ikapata moto bila jiko. Nilirudi nyuma hadi kwenye ua wa michongoma, nikikohoa na kulia machozi ambayo hayakuwa ya toba. Baadaye nilikuja kusoma kwamba gesi inayotoka hapo ni haidrojeni, ambayo hulipuka. Bahati yangu sikuwa na hata njiti ya kiberiti.

Moshi ulipotulia nilikuta duara la kando, mikono miwili, na mahali pa kitako unaona majani. Nikaokota meno yangu kwa koleo, nikayaosha kwa maji mengi. Sufuria nikaizika nyuma ya jikoni, karibu na mgomba, futi tatu chini, bila maombi.

Kesho yake Mama akauliza sufuria yake iko wapi. Kabla sijabuni lolote akajijibu mwenyewe: ilikwenda matangani kwa jirani, yule wa upande wa pili wa ua, alipomzika baba mkwe. Kwetu sufuria ikienda matangani hurudi imepungua namba, au hairudi. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Nikanywa chai. Kwa wiki tatu wanawake wale wawili hawakusalimiana. Chumvi haikuvuka ua, kaa la moto halikuvuka, na kwenda kisimani Mama alizunguka kwa shamba la miwa asipite mlangoni pa mwizi.

Mimi nikaendelea na utafiti, safari hii ndani ya mkebe wa plastiki wa kasuku, yale mafuta ya kupikia, nyuma ya choo. Wiki nzima. Maji yakageuka kijani kibichi cha kupendeza. Mama aliwahi kuyaona akadhani ni dawa ya choo, nikamkuta ameuinua mkebe tayari kumwaga. Nilimpokonya kwa heshima zote. Mwishowe nikachuja kwa kitambaa, nikapata vigamba vya njano, vyepesi kiasi kwamba ukipumua vibaya vinahama wilaya. Nikavipeleka kwa fundi wa kuchomelea kwa gesi, maana dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064, na jiko la makaa la nyumbani haliwezi. Fundi akachimba kishimo kwenye kipande cha kaa, akaweka boraksi, akawasha. Pumzi ya kwanza ya moto ilipeperusha sehemu ya utajiri wangu hadi barabarani. Iliyobaki ikajikunja, ikawa punje moja, ya mviringo, inang'aa kama jicho la paka.

Mnunuzi mmoja mjini alinipimia kwenye mizani yake ndogo. Pointi tatu. Kwa lugha ya wachimbaji, hiyo ni sehemu tatu za kumi za gramu moja. Akataja bei: kama shilingi elfu mbili, yaani pesa ya ramu peke yake. Asidi, gesi, nauli na sufuria nilivisamehe. Nikakataa kuuza. Nilitaka kwanza niipige picha.

Nikaiweka kwenye kisahani cheupe juu ya kigoda, uani, jua la saa nne. Kamera ya simu ilikuwa na ukungu. Nikageuka kidogo, nikaifuta kwa ncha ya shati. Nilipogeuka tena, kwenye kisahani alikuwa amesimama kuku kishingo wa Mama, yule anayetembea kama afisa wa kaunti aliyekuja kukagua. Alinitazama kwa jicho moja. Akameza.

Sikumlaumu sana. Kuku hana meno, humeza changarawe zikamsagie mahindi ndani ya firigisi, na punje yangu ilikuwa na umbo lote la changarawe bora. Ndiye wa kwanza katika boma letu kupata jino la dhahabu.

Siku mbili nilimfuata kuku yule na kijiti. Kila alipoacha kitu nilikuwa hapo, nimechuchumaa, nachambua. Mama alinitazama kutoka dirishani asiseme neno, ila jioni nilimsikia akimwambia dada yangu kwamba diploma imeanza kunikaa kichwani vibaya. Hakuna kilichotoka. Firigisi huishikilia changarawe yake. Ukitaka kuipata lazima umchinje mwenye firigisi. Na kuku mtagaji kwetu hachinjwi kwa kuwa kijana ana hamu. Huchinjwa kwa mgeni.

Kwa hiyo nikampigia Mjomba simu, nikamwambia dada yake amemkumbuka sana.

Alikuja Jumamosi na kofia yake. "Mulembe!" Akakaa chini ya mparachichi. Mama akaja na kuku mkononi, na kwa bahati mbaya ya kwanza alikuwa jogoo. Nikamwambia Mama jogoo huyo nimemwona akipiga chafya. Tukafika kwa kishingo.

Bahati mbaya ya pili niliitabiri lakini sikuweza kuizuia. Nilimwomba dada yangu anipe firigisi niisafishe mimi. Akasimama na kisu hewani.

"Wewe? Tangu lini?"

"Nakusaidia tu."

"Imondo ni ya Mjomba," akasema kwa sauti ya kusikika hadi chini ya mparachichi. "Usiimezee mate."

Akaipasua hapo hapo, mbele ya kadamnasi. Zikatoka punje za mahindi, vijiwe, kifungo cha shati langu la kanisani, na katikati yake, imeoshwa na kusuguliwa mpaka ikang'aa kuliko nilivyoiacha, punje ya njano.

Sijawahi kumwona Mjomba akiinuka upesi namna ile. Aliichukua kwa vidole viwili, akaipangusa kwenye suruali, akaiuma, akaitazama alama ya jino.

"Huyu kuku," akauliza polepole, "hukwaruza wapi?"

"Nyuma ya jikoni," akasema Mama.

Nikajieleza. Wallahi nilijieleza: ramu, meno, asidi, mkebe wa kasuku, fundi wa gesi. Sufuria tu ndiyo niliyoiruka. Mjomba alinisikiliza kwa huruma ya mtu mzima.

"Mpwa wangu, nimechimba miaka ishirini. Dhahabu hutoka ardhini. Wewe unaniambia inatoka kwenye kompyuta?" Akaifunga punje kwenye kipande cha karatasi ya nailoni, akaitia mfuko wa shati. "Hii ni sampuli."

Halafu akala imondo yake, kwa utulivu.

Jumapili alfajiri walifika wanne, na majembe, sururu, ndoo na kamba. Mama, ambaye kwa miaka yote hiyo alimwita kaka yake mwotaji, aliwapikia uji. Kufikia jioni shimo lilikuwa limemfika Mjomba kifuani, Jumatatu adhuhuri lilikuwa limemmeza na kofia. Majirani walijaa uani. Hata yule wa upande wa pili wa ua alikuja, akasimama mbali na Mama, mikono kifuani, kwa sababu dhahabu ni jambo la kijiji na ugomvi ni wa watu wawili. Dhahabu haikuonekana. Mjomba akasema mdomo wa shimo ni mwembamba, upanuliwe upande wa mgomba.

"Upande wa mgomba hapana," nikasema. Nilisema haraka mno.

Wote wakanigeukia.

"Kuna nini upande wa mgomba?"

"Kuna... kuna ndizi."

Mjomba akawaambia vijana wake kwa sauti ya chini, "Anajua mshipa ulipo." Wakauvamia upande wa mgomba kama watu waliolipwa mapema. Sururu ya nne au ya tano ikagonga chuma. Mlio ule! Ua mzima ukanyamaza. Mjomba akachakura kwa mikono, akavuta, akainua juu: duara la alumini, mikono miwili, na katikati, mahali pa kitako, uso wa Mjomba mwenyewe ukitutazama.

Jirani ndiye aliyesema kwanza.

"Mama," akasema taratibu, na ndilo neno la kwanza alilomwambia kwa wiki hizo zote, "hiyo si ndiyo ile sufuria yako niliyoiba?"

Mama hakumjibu. Hakumtazama hata Mjomba. Alinitafuta mimi kwenye kundi, uso kwa uso, na ndipo nikaona kwamba alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Njia ya langoni ilikuwa imezibwa na watu. Uani kwote palibaki mahali pamoja tu ambapo mwiko usingenifikia.

Nikashika kamba, nikashuka.