Mtihani wa mtoto, mfuko wa mzazi

Kila Septemba, shule zikiwa ndiyo kwanza zimefunguliwa, watoto wa miaka kumi katika kaunti ya Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, hukaa kufanya mtihani wa Kiingereza, hisabati na mantiki. Wanaofaulu hupata sifa ya kuingia sekondari za serikali zinazochagua wanafunzi, zile ambazo wenyewe huziita "grammar". Wasiofaulu huenda sekondari nyingine, nazo za serikali. Pande zote mbili hakuna ada. Msomaji aliyewahi kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi huku kwetu hahitaji kuelezwa tumbo linavyovuruga asubuhi ya siku ile. Kinachohitaji maelezo ni kwa nini mtihani huu, uliokwisha kufutwa sehemu kubwa ya nchi, bado unawagombanisha Waingereza vizazi viwili baadaye.

Ulianza na nia njema. Sheria ya Elimu ya mwaka 1944, iliyobeba jina la R. A. Butler wa chama cha Conservative, iliondoa ada katika sekondari za serikali. Mtoto wa mchimba makaa ya mawe na mtoto wa daktari wangefanya mtihani mmoja, na akili ndiyo ingeamua. Kwa hesabu ya nchi nzima, mmoja kati ya wanne au watano alipita. Waliobaki, yaani wengi, walipelekwa shule za daraja la pili ambako walitarajiwa kutoka mapema na kuingia kazini, wengi wao bila kufanya mtihani wowote wa taifa. Mwaka 1965 waziri wa elimu wa chama cha Labour, Anthony Crosland, alitoa waraka namba 10/65 akizitaka halmashauri ziunganishe shule hizo ziwe shule za wote. Wales na Scotland ziliachana na mchujo kabisa, Ireland ya Kaskazini ikabaki nao. England zimesalia shule 163, na sheria ya mwaka 1998 inapiga marufuku kuanzisha mpya.

Wanaozililia shule hizo wana hoja nzito, na ni kosa kuwadharau. Hutaja mawaziri wakuu. Kati ya 1955 na 1964 nchi iliongozwa na watu watatu mfululizo, Eden, Macmillan na Douglas-Home, wote waliosoma Eton, shule ya bweni ya matajiri. Halafu kuanzia 1964 hadi 1997, miaka zaidi ya thelathini, hakuingia hata mmoja aliyetoka shule binafsi. Heath alikuwa mtoto wa seremala, Thatcher mtoto wa mwenye duka la vyakula. Mara shule za mchujo zilipofungwa, wanasema, Eton ikarudi: Cameron, kisha Johnson, na baadaye Sunak kutoka Winchester, shule nyingine ya namna hiyo. Mkivunja ngazi ya maskini, kwa maneno yao, msishangae kuwaona wenye nacho peke yao juu.

Hoja hii inavutia mpaka uanze kuangalia tarehe. Wilson, Heath, Callaghan na Thatcher waliingia sekondari katika miaka ya 1920 na 1930, kabla ya sheria ya Butler, wakati shule hizo zilikuwa bado zinatoza ada na wachache walipata nafasi za ufadhili. Katika mawaziri wakuu watano wa kipindi hicho ni John Major pekee aliyepitia mfumo wa baada ya 1944. Na yeye aliacha shule mapema, akiwa amefaulu masomo matatu tu. Mfano unaotumiwa kuutetea mtihani huo, kwa sehemu kubwa, ni wa watu ambao hawakuufanya.

Wala Major hakuwa peke yake. Taarifa ya baraza la ushauri la serikali ya mwaka 1954 ilifuatilia watoto wa vibarua na wafanyakazi wa kazi duni waliofanikiwa kuingia shule za mchujo. Zaidi ya nusu yao hawakupata hata ufaulu wa masomo matatu. Walipita mlangoni, lakini nyumbani palihitaji mshahara, na darasani lafudhi yao iliwasuta kila walipofungua kinywa. Isitoshe, mlango wenyewe haukuwa sawa kwa wote. Baadhi ya halmashauri ziliwawekea wasichana alama ya juu zaidi ya kufaulu, kwa sababu kwa alama sawa wangewazidi wavulana idadi. Birmingham ilikuwa na nafasi chache za wasichana kuliko za wavulana hadi kesi ilipofika House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa, mwaka 1989 na halmashauri ikashindwa.

Lakini wengi walipanda, si kweli? Walipanda. Mwanasosholojia John Goldthorpe wa Oxford, aliyetumia miaka mingi kupima jambo hili, anatupa maelezo ambayo wanasiasa hawayapendi: baada ya vita, kazi za ofisini, za kitaalamu na za serikali ziliongezeka sana, na watoto wa wafanyakazi wa viwandani wakavutwa juu kuzijaza. Nafasi ya mtoto wa tajiri ukiilinganisha na ya mtoto wa maskini haikubadilika kwa kiasi hicho. Ukiniuliza, hapa ndipo ubishi wote unapopinda. Watu wanakumbuka shule iliyowainua na kusahau uchumi uliokuwa ukiwasubiri nje ya lango.

Leo hali ya shule hizo haihitaji nadharia. Mwaka 2016, serikali ya Theresa May ilipotangaza kwamba inataka kuzirudisha, chini ya wanafunzi watatu kati ya mia katika shule za mchujo walikuwa na haki ya chakula cha bure, kipimo ambacho Waingereza hutumia kuwatambua watoto wa familia maskini. Katika sekondari za serikali kwa ujumla walizidi kumi na watatu kati ya mia. Kilicho katikati ya namba hizo mbili ni tuisheni. Mtoto wa Kent au Buckinghamshire ambaye wazazi wake wana uwezo huanza kufundishwa mbinu za mtihani mwaka mmoja au miwili kabla. Wengine husomeshwa shule binafsi za msingi makusudi ili waingie sekondari ya serikali isiyo na ada, na kwa hesabu ya mfukoni hiyo ni biashara nzuri. Watoto maskini wachache wanaoingia hunufaika kweli, hilo tusilifiche. Ila utafiti wa taasisi ya Education Policy Institute wa mwaka huo huo haukuona kwamba mchujo unainua matokeo ya eneo zima. Maskini wanaobaki nje, katika maeneo yenye shule nyingi za namna hiyo, hufanya vibaya kidogo kuliko wenzao wa kwingine.

Je, upande wa shule za wote una mikono safi? Hata kidogo. Walifuta mtihani wakaacha soko la nyumba. Shule nyingi hupokea watoto kwa kuangalia umbali wa makazi, kwa hiyo nyumba zilizo karibu na shule nzuri hupanda bei, na mzazi asiye na uwezo husukumwa mtaa wa mbali bila kutahiniwa chochote. Mtihani, pamoja na ubaya wake, angalau ulimpa mtoto kalamu. Anwani hata kalamu haimpi. Kisha kuna lile la miaka ya 1970: shule kongwe zilizokuwa zikipokea ruzuku ya serikali na kuchukua watoto werevu bila ada ziliambiwa zichague, ama ziwe za wote ama zijitegemee. Nyingi zilichagua ada. Reigate Grammar, shule ya mchujo ya serikali alikosoma Keir Starmer, aliyekuja kuwa waziri mkuu mwaka 2024, nayo iligeuka ya kulipia yeye akiwa bado mwanafunzi. Mageuzi yaliyokusudiwa kupunguza matabaka yaliiongezea sekta binafsi baadhi ya shule bora za mijini.

Na sekta hiyo ndiyo mwamba ambao pande zote mbili huuzunguka. Eton ilianzishwa na Mfalme Henry wa Sita mwaka 1440 kwa ajili ya vijana 70 maskini. Historia ina mzaha wake. Leo shule binafsi husomesha takriban asilimia 7 tu ya watoto, lakini taarifa ya mwaka 2019 ya shirika la hisani la Sutton Trust na Tume ya Serikali ya Kupanda Ngazi za Kijamii ilikuta kwamba asilimia 65 ya majaji wa ngazi za juu na asilimia 59 ya makatibu wakuu wa wizara walitoka huko. (Mfumo huu uliwahi kusafirishwa hadi kwetu: Tabora ilifunguliwa mwaka 1925 kwa watoto wa machifu, ikiwa na mabweni na viranja kwa mtindo wa Kiingereza, na Nyerere alipita pale.) Januari 2025 serikali ya Labour ilianza kutoza VAT ya asilimia 20 katika ada hizo, ikiahidi walimu wapya 6,500 wa shule za serikali. Wapinzani wanasema anayeumia si tajiri wa Eton, bali mzazi wa kipato cha kati anayejinyima. Huenda wote wawili wana haki, maana kodi hiyo inamgusa aliye pembeni mwa ukuta bila kuusogeza ukuta wenyewe.

Kwangu mimi, ushahidi wa kuutazama kwa makini uko London. Shule zake zilikuwa kilio cha taifa. Mwaka 2003 serikali ilianzisha mpango wa London Challenge, na mwalimu mkongwe Tim Brighouse akawa kamishna wa shule za jiji: shule imara zikasaidia dhaifu, walimu wakuu wakapewa washauri, takwimu zikaanza kusomwa. Leo mtoto maskini wa London ana matokeo bora kuliko maskini wa karibu kila kona nyingine ya England. Wengine wanapinga kwamba ni mpango huo uliofanya kazi. Simon Burgess wa Chuo Kikuu cha Bristol alieleza mwaka 2014 kuwa sababu kubwa ni wahamiaji, familia zilizokuja na njaa ya elimu. Kuna ukweli hapo, na Waafrika Mashariki wa Newham na Barking, mashariki mwa London, wanaujua bila kuhitaji utafiti. Upande wa pili wa shilingi ni mchungu: taarifa ya kamati ya elimu ya bunge ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba kati ya vijana Waingereza weupe wa familia maskini ni takriban 16 kati ya mia walioingia elimu ya juu wakifika miaka 19. Wengi wao wako miji ya pwani na ya viwanda vilivyokufa, ambako hakuna kazi inayomwita aliyesoma.

Mwaka 2021 wanafunzi wa Brampton Manor, shule ya serikali iliyoko East Ham, London, walipata nafasi 55 za masharti Oxford na Cambridge. Eton ilipata 48. Mashabiki wa shule za wote walishangilia, ila shule hiyo huchagua wanafunzi wa kidato cha tano na sita kwa matokeo, na ushindani ni mkali. Mchujo, basi, haukufa. Ulihamia miaka 16, na hapo mimi sina ugomvi nao. Kijana wa umri huo ameshafundishwa miaka mitano sekondari, amejua anachokitaka, na mitihani yake ni ya masomo yenyewe, si ya mafumbo yanayonunulika kwa saa kwa mwalimu wa tuisheni. Kumpima wa miaka kumi ni kuwapima wazazi wake.

Hakuna serikali inayothubutu kusema hivyo Kent. Badala yake mwaka 2015 shule ya mchujo ya wasichana ya Weald of Kent iliruhusiwa kufungua "tawi" Sevenoaks, kilomita kadhaa mbali, marufuku ikiwa palepale. Sheria ya 1998 iliwapa wazazi haki ya kupiga kura kufuta mchujo, na imetumika mara moja tu, Ripon, Yorkshire ya Kaskazini, mwaka 2000. Waliotaka ubaki walikuwa 1,493, waliotaka ufutwe 747. Wapiga kura walikuwa wazazi wa shule za msingi za eneo hilo, ambao watoto wao walikuwa bado hawajaingia sekondari yoyote. Wale ambao watoto wao walishashindwa na kupelekwa shule ya pili hawakuwa kwenye daftari.