Steringi Anataka Nini?

Kwenye kibanda cha video cha mtaani kwetu, mlango ulikuwa pazia la turubai. Aliyechelewa aliinama kupita mbele ya TV asije akazomewa, akajibana kwenye benchi, kisha akamnong'oneza wa pembeni: "Steringi yupi? Anataka nini?" Jibu lilikuwa la pumzi moja. Yule mwenye shati jeusi, wamemuua kaka yake, anawasaka. Basi, mchelewaji ametulia, tuko naye. Lakini zilikuwepo filamu ambazo wa pembeni alibaki kukuna kichwa. Hizo, watu walianza kutoka mmoja mmoja mkanda ukiwa bado unazunguka, na kiingilio chao kimeshaliwa.

Swali hilo hunirudia kila nikisikia filamu ya mamilioni ya dola imebuma. Wengi husema watazamaji wamehamia kwenye simu, tiketi ni ghali, mashujaa wanaoruka angani wamechosha. Yote yana ukweli. Ila mimi naamini ugonjwa mkubwa huanza mapema zaidi: pesa huanza kumwagwa kabla swali la mchelewaji halijajibiwa, na zikishamwagwa, hakuna mwenye ubavu wa kusema tusimame kwanza.

Tazama Cleopatra, filamu ya malkia wa Misri iliyotengenezwa na studio ya Marekani, 20th Century Fox. Ilianza kama mradi wa dola milioni 2. Mwaka 1960 wakajenga seti ya mji wa Alexandria kwenye studio za Pinewood, nje ya London, kana kwamba hawaijui mvua na baridi ya Uingereza. Elizabeth Taylor, aliyesaini kuigiza malkia kwa dola milioni 1, akaanza kuugua. Machi 1961 nimonia ilikaribia kumuua, madaktari wakamtoboa koo apate kupumua. Mwongozaji wa kwanza, Rouben Mamoulian, alikuwa ameshaondoka. Dola milioni 7 hivi zilikuwa zimekwenda, na picha zenye kufaa hazikuzidi dakika kumi na kitu.

Hapo ndipo palikuwa pa kusimama. Hawakusimama, kwa sababu kuacha kungekuwa kukiri mbele ya wenye hisa kwamba zile milioni 7 zimepotea, na kuendelea kulionekana kama njia ya kuziokoa. Seti zikajengwa upya Roma. Joseph L. Mankiewicz akakabidhiwa kazi ya kuongoza, na kwa kuwa skripti ilikuwa haijakamilika, akawa anashuti mchana na kuandika usiku. Hebu fikiria asubuhi moja ya kazi hiyo: umati wa watu umeshavalishwa, farasi wamepangwa, jua linapanda, na wote wanasubiri kurasa zilizoandikwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Kila saa ya kusubiri inalipiwa. Kovu la koo la Taylor linaonekana kwenye baadhi ya picha za filamu hiyo mpaka leo. Nikiliona humsahau malkia wa Misri, nikamkumbuka mgonjwa wa London na mamilioni yaliyokuwa yakimsubiri apone.

Ilipotoka Juni 1963, gharama zilikuwa zimefika dola milioni 44. Na watu walikwenda kuitazama! Hakuna filamu ya mwaka ule iliyouza kuipita huko Marekani. Bado haikurudisha gharama zake mpaka haki za kuionyesha kwenye televisheni zilipouzwa, miaka mitatu baadaye. Studio yenyewe ilikuwa taabani kiasi cha kuuza sehemu kubwa ya kiwanja chake cha kupigia picha Los Angeles. Maghorofa ya mtaa wa Century City yamesimama hapo.

Hesabu hii huwachanganya watu wengi. Ukisikia filamu imeingiza dola milioni 284, usidhani zote zimefika studio. Karibu nusu hubaki kwa wenye kumbi za sinema, na China studio ya Marekani huondoka na kama robo tu. Matangazo nayo yana fungu lake, halimo kwenye bajeti inayotajwa magazetini.

Hizo milioni 284 ni mauzo ya dunia nzima ya John Carter, filamu ya Disney ya 2012 iliyogharimu zaidi ya dola milioni 250. Siku kumi tu baada ya kutoka, Disney ilitangaza kutarajia hasara ya dola milioni 200 hivi, na mwezi uliofuata mkuu wa studio akajiuzulu. Nimeitazama mara mbili, na naipenda kuliko inavyosemwa. Lakini ina mianzo mitatu. Kwanza vita vya angani kwenye sayari ya Mars, halafu New York mwaka 1881, halafu Arizona mwaka 1868. Ukichelewa dakika tano, wa pembeni yako atakwambia steringi ni yupi? Yeye mwenyewe anatafuta. Na jina lilikuwa John Carter of Mars, wakalikata hilo neno Mars, ukabaki na jina la mtu usiyemjua. Mwongozaji wake, Andrew Stanton, ni fundi mkubwa wa katuni, na kwenye katuni unaweza kuivunja hadithi na kuipanga upya mara nyingi ikiwa bado michoro. Ukishajenga seti na kukusanya waigizaji, kila marekebisho ni mamilioni mengine.

Sisemi pesa nyingi ni laana. Titanic ya 1997 iligharimu dola milioni 200 na ilijaza kumbi dunia nzima, na pale kibandani mchelewaji alijibiwa bila shida: maskini kampenda binti wa kitajiri, na meli itazama.

Halafu ikaja Godzilla Minus One, filamu ya zimwi kutoka Japani, 2023. Mwongozaji wake, Takashi Yamazaki, alisema gharama yake haikufika hata dola milioni 15. Kazi ya kompyuta, vipande 610, ilifanywa na watu 35, naye akiwa ndiye msimamizi wao, anakubali au kukataa kipande papo hapo bila kungoja vikao. Machi 2024 wakachukua Oscar ya madoido ya picha mbele ya studio zenye bajeti kubwa mara nyingi zaidi. Zimwi lile linatisha kweli. Ila kilichonishika ni yule rubani aliyekikwepa kifo vitani, akashindwa kufyatua risasi zimwi lilipotokea, wenzake wakafa akitazama. Anataka vita viishe moyoni mwake. Mchelewaji wa kibandani angeambiwa hivyo, na angekuwa ameshaelewa kabla hajapata pa kukaa.