Sentimita mbili na nusu za Helen Greiner

Ukiupitia wasifu wa Helen Greiner harakaharaka, unaweza kudhani ni wa mtu anayeshuka ngazi. Mwaka 1990 alianzisha kampuni ya iRobot pamoja na Colin Angle na Rodney Brooks. Humo ikatoka PackBot, roboti iliyopelekwa Afghanistan kuchungulia mapango na kukagua mabomu kabla askari hajasogea. Mwaka 2002 ikatoka Roomba, ile ya kufyonza vumbi sakafuni. Akaondoka 2008, akaingia kwenye droni. Halafu 2020 tunamkuta akiongoza Tertill, kampuni ndogo ya Marekani yenye bidhaa moja tu ya jina hilohilo: kiroboti cha mviringo, upana wake kama sahani, kinachozurura bustanini kikikata magugu.

Kutoka vitani hadi kwenye tuta la maua. Vichekesho vinajiandika vyenyewe, na cha kwanza, bila shaka, ni kwamba mwanamke hatimaye amerudishwa bustanini. Tukiache hicho. Kuna hoja nzito zaidi ya kumpinga, na nitaifikia, lakini kwanza nataka tukitazame kidude chenyewe, maana wengi wanaokicheka hawajajiuliza kinafanyaje kazi.

Shida ya kupalilia haiko mikononi, iko machoni. Unajuaje kwamba hiki ni gugu na hiki ni mche? Wanaotengeneza mashine za mashamba makubwa wamelijibu swali hilo kwa kamera, leza na kompyuta zilizofunzwa kwa picha chungu nzima. Joe Jones, aliyebuni Tertill na ambaye ni miongoni mwa waliobuni Roomba, alilikwepa swali. Kiroboti chake hakijui mmea wowote. Kinajua kimo. Kikigusa kitu kirefu kinageuza njia; kitu kifupi kuliko sentimita 2.5 hivi kinapita chini ya tumbo lake, na hapo uzi wa nailoni unazunguka na kukikata. Mche mchanga unaoutaka unauzungushia kikingio cha waya, basi, kiroboti kitagonga waya na kwenda zake. Umeme kinaupata juani.

Sentimita 2.5. Nimezifikiria sana hizo sentimita, kwa sababu ndizo kampuni nzima. Kanuni hiyo haifai kitu kwa mashine inayokuja mara moja kwa wiki, kwa kuwa wiki ikiisha gugu limeshavuka kimo na sasa linaheshimiwa kama nyanya. Inafaa kwa mashine inayolala bustanini. Gugu lililochipua leo lina akiba ndogo tu iliyotoka kwenye mbegu. Likikatwa linajaribu tena, linakatwa tena, mpaka akiba inaisha. Magurudumu nayo yamewekwa mshazari ili yachakure udongo yanapopita, na vichipukizi vingine vinang'oka kabla havijaonekana. Mwenye jembe huja Jumamosi akiwa na nguvu nyingi. Kiroboti kina nguvu kiduchu lakini hakikosi zamu. Na hakinyunyizi dawa, jambo ambalo si dogo kwa yeyote anayekumbuka kwamba mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka glifosati, dawa ya kuua magugu, kwenye kundi la vitu ambavyo kwa uwezekano mkubwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Ubishi juu ya uamuzi ule haujaisha, ila mwenye bustani hahitaji kuusubiri.

Sasa gharama ya kanuni hiyohiyo. Nyanya iliyojiotea yenyewe kutokana na tunda lililoanguka msimu uliopita, ile ambayo mkulima huifurahia kama mgeni asiyetarajiwa, itafyekwa bila swali. Karoti, zinazomiminwa mstarini na kukaa muda mrefu zikiwa nyuzi nyembamba, huwezi kuzivisha waya mojamoja. Ndago, yenye viazi vyake chini ya ardhi, itakatwa juu na kucheka chini. Bustani lazima iwe na mipaka, nafasi kati ya mimea na ardhi isiyo na mteremko mkali. Kwa maneno mengine, mwenye bustani ndiye anayejipanga kuifuata mashine.

Kisha bei. Tertill ilipotafutiwa fedha Kickstarter, tovuti ya kuchangisha mitaji, mwaka 2017 iliuzwa kuanzia dola 249, baadaye ikapanda hadi 349. Jembe dogo la mkono ni sehemu ndogo sana ya hapo na halina betri ya kuchoka. Na soko lenyewe halina huruma: iRobot, baada ya kuuza roboti zaidi ya milioni 40, iliomba ulinzi wa mahakama ya kufilisika Desemba 2025. Ikiwa aliyetawala sakafu za dunia kaangushwa na washindani wa bei nafuu, kampuni ya kazi moja, inayofanyika msimu mmoja, itakula nini baridi ikiingia? Hii ndiyo hoja nzito niliyoitaja, na sina jibu la kuifuta.

Ninayoikataa ni ile nyingine, kwamba palizi ni starehe na mashine inamnyang'anya mtu starehe yake. Anayesema hivyo ana magoti mazima. Wapo walioacha bustani bila kuacha kuipenda, mgongo tu ulikataa. Hao hawakuchoka kupanda wala kuvuna. Walichoshwa na kuinama, kila siku, kwa ajili ya kitu kitakachorudi kesho. Greiner ametumia sehemu kubwa ya kazi yake kuzipa mashine kazi za namna hiyo, ziwe za hatari au za kuchosha, na sioni kwa nini ya pili iwe na hadhi ndogo.

Hata hivyo uamuzi wa nini kiishi haukuhamia kwenye mashine. Umebaki kwenye vile vikingio vya waya. Mwenye bustani anachagua mche, anauzungushia, anasubiri. Siku ukivuka kile kimo anaukagua, anachomoa waya na kwenda kuuchomeka kwa mwingine.