Watoto wa Chekhov: kuwajali au kuwatazama tu?

Mwaka 1886 mwandishi Mrusi Anton Chekhov, daktari kijana aliyekuwa akiandikia magazeti ili ailishe familia yake, alichapisha visa viwili vya watoto katika gazeti moja la Petersburg. Cha Januari kinahusu watoto wanaocheza loto, mchezo wa bahati wa kulinganisha namba, usiku, wazazi wakiwa wamekwenda kwenye ubatizo. Cha Desemba kinamhusu Vanka, yatima wa miaka tisa, mwanagenzi wa fundi viatu huko Moscow, anayemwandikia babu yake aje amchukue. Mwaka 1890 mhakiki Nikolai Mikhailovsky alimshutumu Chekhov kwamba huchora chochote kinachopita mbele ya macho yake, kwa moyo baridi, bila wazo la kuviunganisha.

Shutuma hiyo ina uzito. Tazama kisa cha loto. Grisha anacheza kwa ajili ya pesa tu. Anya hataki kushindwa na mtu. Sonya hufurahi hata akishinda mwenzake, na Alyosha anangojea ugomvi uzuke. Kaka mkubwa anapotaka kuingia mchezoni na rubli nzima wanamkatalia katakata: hapa huchezwa kwa kopeki, sehemu ya mia ya rubli. Mwishowe usingizi unawabeba wote kwenye kitanda cha mama. Basi. Anayetaka fasihi iwasemee wanyonge ana haki ya kuuliza kisa hiki kimemsaidia nani.

Lakini mezani yupo mtoto wa tano, Andrey, mwana wa mpishi, mwenye msalaba wa shaba kifuani. Yeye hajali kopeki. Anachoshangaa ni namba zenyewe: zilivyo nyingi duniani, na bado hazichanganyikani! Katika chumba kizima, ndiye pekee anayeifikiria hesabu. Chekhov hatamki neno kuhusu mabwana na watumishi; anamketisha tu pamoja na watoto wa wenye nyumba, kisha anaendelea na mchezo.

Sasa kiweke kisa hicho kando ya kile cha Vanka. Mama yake Vanka naye alikuwa mtumishi katika nyumba ya kitajiri. Binti wa nyumba hiyo, kwa kukosa la kufanya, alimfundisha mtoto kusoma, kuandika, kuhesabu hadi mia na hata kucheza dansi. Mama alipofariki, Vanka akapelekwa jikoni kwa babu, na kutoka jikoni akapelekwa Moscow. Huko anaburutwa kwa nywele na kuchapwa mkanda kwa sababu alisinzia akimbembeleza mtoto wa bwana. Akianza kuparua samaki kwa upande wa mkia, mke wa bwana anamsukumia kichwa cha samaki huyohuyo usoni. Kwangu mimi, uzi ambao Mikhailovsky hakuuona ni huu: mtoto wa mtumishi hukaribishwa mezani maadamu anawafurahisha wenye meza. Hotuba yoyote ingelisema jambo hilo kwa udhaifu zaidi.

Panaponitatiza ni mwisho wa barua. Juu ya bahasha, aliyoinunua kwa kopeki moja, Vanka anaandika "kwa babu kijijini". Sisi tunajua haitafika, yeye hajui. Hapo mwandishi na msomaji wanakonyezana juu ya kichwa cha mtoto, na huruma yetu inakuja kwa urahisi mno. Watetezi watasema, na kweli, kwamba Vanka anajikuna, anawaza, kisha anaongeza jina la babu, Konstantin Makarych. Kuwaza huko ni kwake mwenyewe, nako ndiko kunakoiokoa sehemu hii. Hata hivyo naona kisa cha Vanka kimependwa zaidi kwa sababu kinatuliza haraka, tukimaliza kulia tunafunga kitabu. Andrey hatupi nafasi hiyo. Mwalimu anayetaka kusomesha visa hivi viwili aanze na loto, awaulize wanafunzi Andrey atakuwa wapi mpishi akifa, ndipo awafungulie barua.