Mwarobaini wa kusukutua: kijiti au chupa?

Kisumu mwarobaini humea hata uani, kwa hiyo haishangazi kukuta maji yake sokoni kwenye chupa za soda za nusu lita: ya kijani, machungu hadi kooni, bila lebo wala tarehe. Muuzaji atakwambia sayansi imethibitisha kuwa yanaua vijidudu vya meno. Hapo hasemi uongo. Asichokisema ni vijidudu hivyo viliuawa wapi.

Upande wake una uzito. Mwarobaini na karafuu zimepimwa maabara mara nyingi dhidi ya Streptococcus mutans, bakteria anayegeuza sukari kuwa asidi na kutoboa meno, na zinamzuia kweli. Muthiga, ambao watu wa Nakuru hutafuna gome lake jino likiuma, hukabili kuvu wa Candida. Hata Listerine ya supamaketi ina eukaliptoli, mentholi na thimoli, na zote zilijulikana kwanza kutoka kwa mimea. Anayecheka dawa za nyanya acheke polepole.

Lakini tazama kazi yenyewe inavyofanywa. Mtafiti hukausha majani, huyaloweka kwenye ethanoli au methanoli, kisha huivukiza hadi ibaki rojo. Rojo hilo hutiwa kwenye kikaratasi juu ya bakteria waliooteshwa kisahanini, na kesho yake anapima kwa rula duara lililobaki tupu. Nyumbani sisi huchemsha kwa maji, na viambato vingi vya mwarobaini haviyeyuki vizuri majini. Tena kisahanini hakuna mate. Mdomoni hutoka nusu lita hadi lita moja na nusu kila siku, nao bakteria wamejichimbia ndani ya ukoga.

Klorheksidini, ambayo madaktari wa meno huitumia kupimia dawa nyingine za kusukutua, hushinda kwa sababu hung'ang'ania meno na fizi, ikijiachilia kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Ubaya wake ni kwamba hutia meno rangi ya kahawia na kuvuruga ladha, ndiyo maana kwa kawaida haitumiwi muda mrefu. Mimea ingejaza pengo hilo, lau kungekuwa na kipimo. Chupa ya leo na ya wiki ijayo hazifanani, na majani yaliyochemshwa huchacha upesi.

Mimi ningechagua kijiti. Shirika la Afya Duniani lilihimiza mswaki wa mti mwaka 1986 kwa jamii zilizouzoea, na sababu inaeleweka: unasugua ukoga huku utomvu ukigusa fizi. Chupa haisugui chochote.

Wazazi wajihadhari na mafuta ya mwarobaini, ambayo ni kitu kingine kabisa: watoto wachanga waliomezeshwa wamewahi kupatwa na degedege. Na kwa wenzetu wa Nakuru, kahawia ya meno inayoletwa na floridi ya maji ya visima haitoki kwa kusukutua, hata muuzaji akila kiapo.